Kumbukumbu ya muda mfupi: inabeba nini, inakomea wapi, na lipi si kosa lake

Swali la msomaji: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano mkoani Tanga. Nikinunua umeme nasoma tokeni ya LUKU kwenye simu, lakini nikifika kwenye mita nimeshaisahau. Darasani nikitoa maelekezo ya hatua nne au tano, wapo watoto wanaofanya ya kwanza kisha wanabaki wananitazama. Na mama yangu, mwenye miaka 71, huniuliza swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja, ilhali nyimbo zilizoimbwa siku ya harusi yake anazijua zote. Ndugu zangu wanasema mama amepoteza kumbukumbu ya muda mfupi. Je, sote watatu tuna tatizo moja? Kumbukumbu hiyo ni nini hasa, mipaka yake ni ipi, na kuna dawa au mazoezi ya kuiongeza?"

Marahaba, Mwalimu. Nitatanguliza jibu fupi. Yanayokupata wewe kwenye mita na yanayowapata wanafunzi wako darasani yana asili moja, nayo ni udogo wa kumbukumbu ya muda mfupi, ambao kila mwanadamu amezaliwa nao. Yanayompata mama ni jambo jingine. Kwa maana ambayo wanasaikolojia wanalipa jina hilo, inawezekana sana kumbukumbu ya muda mfupi ya mama bado ni nzima, na kilichoyumba ni uwezo wa kuyahamisha mambo mapya kutoka hapo kwenda mahali pa kudumu. Ninaisisitiza tofauti hiyo kwa sababu ina matokeo nyumbani kwenu: wewe na watoto mnahitaji kazi ipangwe vizuri zaidi, naye anahitaji kuonana na daktari.

Mkanganyiko unaanzia kwenye jina lenyewe. Ndugu zako wakisema "muda mfupi" wanawaza jana, asubuhi ya leo, au mgeni aliyeondoka saa moja iliyopita. Wataalamu wanaochunguza seli za neva wana maana yao: Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi aliyoifanya juu ya konokono wa baharini aitwaye Aplysia, alionyesha kwamba kumbukumbu ya dakika hadi saa chache hupatikana kwa kurekebisha protini ambazo tayari zimo ndani ya seli, ilhali ile ya siku na wiki hudai jeni ziamshwe, protini mpya zitengenezwe na viungo vipya viote kati ya seli na seli. Mwanasaikolojia naye, akitamka maneno hayo hayo, anazungumzia sekunde. Kwake kumbukumbu ya muda mfupi ni yale machache uliyoyashika akilini sasa hivi, ukiwa unayajali, kabla hujayatumia au kuyaacha yapotee. Watu hao watatu wanaweza kukaa meza moja wakazungumza saa nzima, kila mmoja akiamini ameeleweka. Katika majibu yangu nitafuata maana hii ya tatu, na habari za asubuhi ya leo nitaziita kumbukumbu ya mambo ya karibuni, ili tusipotezane njiani.

Tuanze na tokeni yako. Ina tarakimu 20. Mtu asiye na mazoezi maalumu hawezi kuzisoma mara moja na kuzibeba zote hadi nje, na hilo lilijulikana kabla ya umeme kufika majumbani kwetu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaeleza kwamba kwa kusoma mara moja tu aliweza kuzirudia kama saba bila kosa. Orodha ilipozidi hapo, alilazimika kuisoma tena na tena. Miaka miwili baadaye Joseph Jacobs, akiwa London, alipima ni tarakimu ngapi ambazo wanafunzi wa shule wanaweza kuzirudia baada ya kusomewa mara moja, na kipimo hicho kinatumika hospitalini hadi leo karibu kama alivyokiacha. Kisha mwaka 1956 George Miller wa Marekani akaandika makala iliyoifanya saba kuwa namba mashuhuri: saba, ikiongezeka au kupungua mbili.

Jambo la maana zaidi katika makala ya Miller halikuwa ile saba. Lilikuwa swali la kwamba saba ya nini. Alitumia neno ambalo kwa Kiswahili naona linafaa kuitwa fungu. Muuza nyanya sokoni hakuuzii nyanya moja moja, anakuuzia mafungu, na fungu moja laweza kuwa na nyanya tatu au saba. Lakini ukiuliza yamebaki mangapi mezani, atahesabu mafungu. Akili nayo huhesabu hivyo. Soma mara moja herufi hizi, kisha uondoe macho uzitaje: A, T, C, E, N, F, I, H, N, A, R, T. Ni herufi 12, na wengi hukwama zikifika tano au sita. Sasa zisome kutoka mwisho kurudi mwanzo: TRA, NHIF, NECTA. Herufi ni zile zile, idadi ni ile ile, lakini kwa Mtanzania yamekuwa mafungu matatu, na unaweza kuyabeba hadi kwenye mita na kurudi. Kilichobadilika hapo ni kwamba kumbukumbu yako ya muda mrefu, inayozijua taasisi hizo, imekuja kuisaidia ile ya muda mfupi. Mtu wa nchi nyingine asiyezijua asingenufaika kwa kugeuza herufi hizo.

Ndiyo maana pia namba ya simu ya tarakimu 10 haikushindi kama zingekushinda tarakimu 10 zilizookotwa ovyo. Zile za mwanzo zinazoonyesha mtandao umezizoea kwa miaka, zimekuwa fungu moja, na mzigo halisi ni zilizobaki. Wachunguzi walipojitahidi kuzuia ufungaji huu wa mafungu, kwa mfano kwa kuwapa watu vitu vinavyopita haraka au kwa kuwazuia wasijirudie kimoyomoyo, idadi ilishuka. Nelson Cowan, Mmarekani aliyekusanya ushahidi mwingi wa namna hiyo mwaka 2001, alifikia hitimisho kwamba uwezo halisi wa mtu mzima ni mafungu kama manne tu. Mimi binafsi naiona namba ya Cowan kuwa ndiyo ya kupangia kazi, kwa sababu maishani hatubebi orodha tukiwa tumetulia chumbani. Tunabeba huku mtoto analia na jirani anabisha hodi.

Mpaka wa pili ni wa muda. Mwaka 1959 Lloyd Peterson na mkewe Margaret, wa Chuo Kikuu cha Indiana, waliwapa wanafunzi konsonanti tatu tu za kukumbuka, kisha wakawaamuru wahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu kuanzia namba fulani, ili wasipate nafasi ya kujirudia. Baada ya sekunde 18, majibu yaliyokuwa sahihi yalikuwa chini ya moja kati ya kumi. Konsonanti tatu, sekunde 18! Kwa muda fulani matokeo hayo yalifasiriwa kwamba alama za kumbukumbu hufifia zenyewe kama wino uliopigwa na jua. Lakini mwaka 1962 Geoffrey Keppel na Benton Underwood walitazama jaribio la kwanza kabisa la kila mtu, kabla hajapewa konsonanti nyingine, na humo usahaulifu ulikuwa mdogo mno. Usahaulifu uliongezeka kadiri mtu alivyopewa majaribio mengine yanayofanana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachoitwa kufifia ni kuingiliana: vitu vya mwanzo vinavichafua vinavyofuata, na vya sasa vinavifuta vilivyotangulia. Ukisoma tarakimu nne za tokeni halafu mtu akakuuliza bei ya mkaa, kilichoziondoa tarakimu zako ni ile bei zaidi ya zile sekunde zilizopita.

Sasa nifike mahali ninapopenda zaidi katika somo hili, napo ni sauti. Mwaka 1964 R. Conrad wa Uingereza aligundua kwamba watu walioonyeshwa herufi kwa macho, bila kusomewa, walikosea kwa kuchanganya zile zinazofanana kwa sauti, si zile zinazofanana kwa umbo. Maana yake ni kwamba tunachokiona tunakigeuza kuwa matamshi ya ndani na kukihifadhi kama sauti. Jichunguze kwenye mita: sita na tisa zina konsonanti zile zile zilizobadilishana nafasi, na sita na saba zinaanza kwa sauti moja. Ukikosea tarakimu, angalia kama hukukosea hapo.

Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch walilipanga jambo hili kwa namna ambayo bado inatuongoza. Walisema kwamba badala ya ghala moja dogo, akili ina vyombo kadhaa vinavyofanya kazi pamoja: kitanzi cha sauti kinachozungusha maneno na namba, ubao wa ndani unaoshika picha na mahali vitu vilipo, na msimamizi anayegawa uangalifu kati ya kazi na kazi. Mpango mzima wameuita kumbukumbu tendaji, kwa sababu lengo lake ni kutenda: kukokotoa, kufuata maelekezo, kuelewa sentensi ambayo mwisho wake unategemea mwanzo wake. Kitanzi hicho hubeba takribani kile ambacho mtu anaweza kukitamka kwa sekunde mbili hivi. Ndiyo sababu orodha ya mti, jua, paka, njia na kuku inabebeka kirahisi, na orodha ya kitambulisho, halmashauri, mkandarasi, maandamano na utaratibu inaponyoka, ingawa zote mbili zina maneno matano.

Kutokana na hilo, lugha yenyewe inaingia katika kipimo. Mwaka 1980 wachunguzi wawili huko Wales, Ellis na Hennelly, waliwapima watu wanaozungumza Kiwelishi na Kiingereza. Majina ya tarakimu kwa Kiwelishi huchukua muda mrefu zaidi kuyatamka, na watu wale wale walikumbuka tarakimu chache kwa Kiwelishi kuliko kwa Kiingereza; walipozuiwa kujirudia kimoyomoyo, tofauti ikapotea. Tarakimu zetu, kuanzia moja hadi tisa, zina silabi mbili mbili, na sifuri ina tatu, ambapo za Kiingereza nyingi zina moja. Ninalitaja hili kwa sababu linanigusa: kipimo kilichowekewa viwango kwa watoto wa Kiingereza hakifai kumhukumu mtoto aliyepimwa kwa Kiswahili, mpaka viwango vyake vitafutwe upya kwa watoto wa lugha hiyo.

Kwa upande mwingine, washairi wetu wanaonekana kukijua kitanzi hiki kwa sikio. Mstari wa utenzi una mizani 8, na mstari wa shairi lililozoeleka la tarbia una mizani 16 zilizokatwa katikati, nane ukwapi na nane utao. Ukighani kwa mwendo wa kawaida, mizani nane hupita ndani ya sekunde mbili. Sidai kwamba kuna mtunzi aliyepima kwa saa. Ninasema tu kwamba kipande cha mizani nane kinaingia chote katika kitanzi, kinarudiwa bila kuvunjika, na vina vya mwisho vinakishika kisidondoke. Na mwalimu wa madrasa anayemsomea mtoto kipande kifupi, akamsubiri akirudie, ndipo akaongeza kingine, anafanya kazi ndani ya mpaka huo huo. Utenzi wenye mamia ya beti uliweza kuhifadhiwa kichwani na watu wasioushika mkononi kwa sababu haukuingia kwa mara moja. Uliingia kipande kwa kipande.

Hapo ndipo ninaporudi darasani kwako. Uwezo huu hukua polepole utotoni. Mtoto wa miaka mitatu hurudia tarakimu mbili au tatu, na huendelea kuongezeka hadi ujana. Watoto wako wa darasa la tano bado wako njiani, tena hawako wote mahali pamoja: katika chumba kimoja una mtoto anayebeba kama mtu mzima, na jirani yake kwenye dawati hilo hilo anayebeba kama mdogo wake wa darasa la pili. Susan Gathercole na Tracy Alloway, waliofanya kazi na walimu wa shule za Uingereza, waliwaeleza watoto wa namna hii kwa maneno ambayo utayatambua mara moja: wanaanza kazi vizuri, wanapotea katikati, wanaiacha bila kuimaliza, na walimu wanasema hawasikilizi. Ukisema "Fungueni daftari la hisabati, chora mstari pembeni, andika tarehe ya leo, nakili maswali matatu ya mwanzo, ukimaliza nyoosha mkono," umetoa mafungu matano, na baadhi yake yana mafungu mengine ndani. Mtoto aliyefungua daftari akabaki anakutazama hajakudharau. Alichokibeba kimeanguka, naye hana pa kukiokota kwa sababu maneno yako hayapo tena hewani.

Kwa hiyo maelekezo yaandike ubaoni, au yatoe mawili kisha usubiri. Mpe ruhusa aliyepotea aulize bila kuaibishwa, kwa kuwa akiogopa kuuliza atanakili kwa jirani na wewe hutajua alipopotelea. Katika hisabati, mwache aandike tarakimu anayoibeba juu ya safu inayofuata hata kama wenzake hawaiandiki. Kumwambia aifanye kichwani ni kumwongezea mzigo mahali pasipo na nafasi. Na wale watakaoingia kidato cha kwanza na kuanza kusomeshwa kwa Kiingereza watakutana na ugumu huu kwa nguvu mpya. Charles Hulme na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba maneno yasiyojulikana hubebwa machache kuliko yanayojulikana, hata yakiwa na urefu mmoja, kwa sababu hayana msaada kutoka kumbukumbu ya muda mrefu. Kwa mwanafunzi ambaye nusu ya maneno ya sentensi ni mageni, sentensi ya kawaida ya mwalimu tayari ni ndefu kupita kitanzi chake. Naomba walimu wa kidato cha kwanza walikumbuke hilo kabla hawajaandika kwamba mtoto ni mzito.

Umeuliza kama uwezo huu unaweza kuongezwa. Jibu langu linatokana na mtu mmoja aliyechunguzwa Pittsburgh, Marekani, anayejulikana katika maandishi kwa herufi za S.F. Anders Ericsson, William Chase na Steve Faloon walichapisha habari zake mwaka 1980. Alikuwa mwanafunzi wa kawaida, aliyeanza kwa kurudia tarakimu saba kama mimi na wewe. Baada ya mazoezi ya zaidi ya saa 230, yaliyochukua kama mwaka mmoja na nusu, alifika tarakimu 79. Angeweza kuibeba tokeni yako mara nne bila karatasi, isipokuwa tarakimu moja tu! Siri yake ilikuwa kwamba ni mkimbiaji wa masafa marefu, na aliyageuza makundi ya tarakimu kuwa muda wa mbio: tarakimu nne zikawa muda wa mkimbiaji fulani katika umbali fulani, kisha akayapanga mafungu hayo katika mafungu makubwa zaidi. Halafu wakampa herufi badala ya tarakimu, akarudi kwenye sita. Alichokijenga ni ustadi wa kufunga mafungu ya aina moja. Chombo chenyewe kilibaki na udogo wake.

Michezo ya simu na kompyuta inayouzwa kwa ahadi ya kuongeza kumbukumbu imeishia mahali hapo hapo. Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walipozichambua pamoja tafiti nyingi mwaka 2013, waliona kwamba watu huboreka katika kazi zinazofanana na walizofanyia mazoezi, lakini faida haihamii kwenye kusoma wala hesabu kwa namna ya kutegemewa. Kuhusu vidonge na unga wa kuongeza akili unaouzwa mitaani, usinunue, na hasa usimpe mama kabla hajapimwa, kwa sababu unaweza kuingiliana na dawa nyingine anazotumia na kumchelewesha kufika panapostahili. Kinachofaa kwa umeme wako ni cha bei rahisi: nenda na simu kwenye mita, au andika tokeni kwa makundi ya nne nne na ubonyeze kundi moja kabla ya kusoma jingine, ukilitamka kwa sauti. Makundi ya nne nne hayakuwekwa kwa urembo. Yamo ndani ya namba ya Cowan.

Nije kwa mama, na hapa nitakusimulia habari za watu wawili, kwa sababu wao ndio waliotufundisha kwamba vyombo hivi viwili ni tofauti.

Wa kwanza ni Henry Molaison wa Hartford, Marekani, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa herufi za H.M. tu, hadi alipofariki mwaka 2008. Alisumbuliwa na kifafa kikali, na mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji wa kuondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuhifadhi mambo mapya. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo karibu kila jambo jipya lilimponyoka. Brenda Milner, mwanasaikolojia wa Montreal aliyemchunguza kwa miaka mingi, alikuwa kwake mgeni kila alipoingia mlangoni. Hata hivyo, aliposomewa tarakimu alizirudia kama watu wengine. Milner alimpa namba 584 ya kukumbuka, naye, akiwa ameachwa peke yake katika utulivu, aliishika kwa dakika 15 kwa kuifanyia hesabu kichwani bila kukoma. Alipoondolewa uangalifu kidogo tu, namba ikatoweka, na hata kwamba aliwahi kuambiwa akumbuke namba hakujua tena. Chombo cha sekunde kilikuwa kizima. Kilichokatika ni njia ya kwenda ghalani.

Wa pili anaitwa K.F., aliyechunguzwa London na Elizabeth Warrington na Tim Shallice, waliochapisha habari zake mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwaka 1970. Aliumia upande wa kushoto wa ubongo katika ajali ya pikipiki. Ukimsomea tarakimu, alirudia moja au mbili tu. Na bado alijifunza mambo mapya na kuyakumbuka baada ya siku nyingi. Yeye ndiye mtu ambaye kwa haki kabisa angesemwa kuwa amepoteza kumbukumbu ya muda mfupi, na nyumbani kwake asingemuuliza mtu swali moja mara tatu ndani ya saa moja.

Sasa mtazame mama. Anapokuuliza swali, sentensi yake inakamilika; ukimjibu, anaendeleza mazungumzo kutokana na jibu lako. Kwa hiyo amelishika jibu kwa sekunde alizolihitaji. Baada ya dakika kumi jibu halipo, naye anauliza tena kwa nia njema kabisa, kwa kuwa kwake ni mara ya kwanza. Nyimbo za harusi zilihifadhiwa miaka hamsini iliyopita au zaidi, zikarudiwa mara zisizohesabika, na hazihitaji njia hiyo ya mambo mapya ili ziwepo. Hali ya mama inafanana na ya Henry kuliko ya K.F., ingawa chanzo chake kinaweza kuwa tofauti mno. Katika mwanzo wa ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo na kumbukumbu polepole, mgonjwa mara nyingi bado hurudia tarakimu tano au sita bila shida, lakini akipewa maneno matatu na kuulizwa baada ya dakika chache, hayapo. Daktari atayajaribu yote mawili, nawe sasa utaelewa kwa nini.

Nimeutaja ugonjwa huo, lakini sijasema kwamba mama anao, na barua haiwezi kulithibitisha hilo. Kuuliza tena na tena kunaweza kuletwa na mambo mengine, na baadhi yake hutibika: tezi ya shingoni inayofanya kazi pungufu, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito inayofuata msiba, maambukizi, dawa za usingizi au mchanganyiko wa dawa nyingi, kukosa usingizi, kiharusi kidogo kilichopita bila kutambuliwa kwa mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari. Pia masikio. Mzee ambaye hakusikia jibu vizuri hakulisahau, halikuingia. Ndiyo maana siridhiki na maneno kwamba ni uzee tu. Uzee humfanya mtu achelewe kulipata jina la jirani, lakini haumfanyi aulize jambo moja mara tatu ndani ya saa moja.

Kwa hiyo mpeleke hospitali ya mkoa, na kabla ya siku hiyo andika kwenye daftari mwezi ulipoanza kuliona jambo hili, kama lilikuja ghafla au polepole, dawa zote anazotumia pamoja na za kienyeji, kama amewahi kupotea njia anayoijua au kuacha jiko likiwaka, na usingizi wake ulivyo. Anapouliza tena, mjibu kana kwamba ndiyo kwanza ameuliza, na usimwambie "nimeshakuambia," kwa sababu kwake neno hilo ni lawama isiyo na kosa. Ingia naye chumbani kwa daktari wewe mwenyewe au ndugu anayeishi naye, maana mama anaweza kusema kwa heshima na utulivu kwamba hana shida yoyote, na atakuwa anasema ukweli kama anavyoujua: hakumbuki kwamba anasahau.